Fundi anataka kubomoa ukuta, na ramani ya nyumba siioni

SWALI

Shikamoo mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimebanwa katikati. Marehemu baba alituachia nyumba ambayo hakuijenga yeye. Aliinunua sisi tukiwa wadogo, na hata wakati huo watu walikuwa wakiiita nyumba ya zamani. Ina ghorofa moja juu, kuta nene, madirisha marefu, na jiko dogo lililojitenga na sebule. Mama anaishi nami, mume wangu na watoto, na miguu yake haiziwezi tena ngazi. Tumekubaliana kama familia tubadilishe huku chini: ukuta kati ya jiko na sebule uondoke, na chumba cha nyuma kiwe cha mama, chenye bafu lake.

Fundi tuliyemwita ni rafiki wa marehemu baba. Ndiye aliyetujengea kile chumba cha nyuma miaka mingi iliyopita, na mpaka leo namwita baba mdogo. Aliupiga ule ukuta ngumi mbili, akasikiliza, akasema hauna kazi, unatoka kwa siku moja. Nikamuuliza kama tusitafute kwanza ramani ya nyumba. Akanyamaza, na naona aliumia. Mume wangu naye anasema ramani ya nini wakati nyumba tumo ndani yake tunaiona.

Mimi sina amani. Juu ya ukuta ule kuna chumba wanacholala watoto wangu.

Nilikwenda ofisi ya ujenzi ya manispaa. Nikatoa jina langu, jina la baba na jina la mtaa. Kijana wa pale akatafuta kwenye kompyuta akasema hakuna kitu. Nikarudi siku nyingine, jibu likawa lile lile. Nikaitazama hati ya nyumba: ina mchoro, lakini unaonyesha mipaka ya kiwanja tu, vyumba havimo. Mama anakumbuka kwamba aliyemuuzia baba alimkabidhi karatasi kubwa ya buluu yenye mistari myeupe, imeviringishwa kama mkeka. Anaamini imo ndani ya sanduku lake mojawapo, lakini masanduku hayo yamehamishwa mara nyingi.

Nitafute wapi tena? Na isipopatikana, ndiyo tubomoe hivyo hivyo? Na baba mdogo nimwambie nini bila kumvunjia heshima?

Mwanao, mwenye nyumba asiye na ramani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kila nikifika pale kwenye chumba cha watoto nasimama. Kwa hiyo naanza hapo. Ukuta usiguswe kwanza. Sisemi hivyo kwa kudharau ujuzi wa baba yako mdogo. Nasema hivyo kwa sababu ngumi hailijibu swali lenu. Mlio wa ukuta unaeleza kama ndani kuna uwazi au kumejaa tofali, lakini hauelezi ni nini kilichoukalia kwa juu. Ukuta mzito wa tofali unaweza kuwa wa kugawa vyumba tu, na ukuta wa mbao unaolia kama ngoma unaweza kuwa ndio uliobeba boriti zote za sakafu ya juu. Nyumba ikiwa ya ghorofa, ukuta ukiwa karibu na katikati ya nyumba, na juu yake pakiwa na chumba, mimi huuhesabu kuwa umebeba mzigo mpaka mhandisi anioneshe vinginevyo.

Mumeo anasema nyumba anaiona. Anachokiona ni lipu na rangi. Boriti zinaelekea upande gani, linta, ile boriti fupi ya juu ya mlango au dirisha, imeishia wapi, bomba la maji machafu limepita chini ya sakafu ipi, hayo hakuna anayeyaona akiwa amekaa sebuleni. Ramani ya zamani inayaeleza, na wakati mwingine inaeleza hata vitu vya kutengenezea. Kwenye michoro mingi ya karne iliyopita utakuta herufi A.C. zimeandikwa kwenye paa au dari. Hapo zina maana ya mabamba ya saruji iliyochanganywa na asbesto, na vumbi la asbesto likivutwa linaharibu mapafu na kuleta saratani. Familia yenye watoto na mama mzee inahitaji kulijua hilo kabla nyundo haijainuliwa. Hata ramani ikinyamaza, dari na mabamba ya nyumba yenye umri huo yapimwe kwanza.

Sasa ile ofisi. Kwa unavyoeleza, nadhani uliuliza kwa majina ambayo jalada haliyajui. Mtu anapoomba kibali cha kujenga, jalada hufunguliwa kwa jina la mwombaji, kwa namba ya kiwanja na kwa mwaka wa ombi. Baba yako hakuomba kibali cha nyumba hiyo. Aliyeomba ni mwenye nyumba wa kwanza kabisa, na huenda hata si yule aliyemuuzia baba. Mitaa nayo hubadilishwa majina, nyumba hupewa namba mpya. Kiwanja kikipimwa upya au kikigawanywa, hupata namba nyingine, na jalada la kale hubaki na namba yake ya kale. Ukimwambia karani jina la leo la mtaa, unamtuma kwenye rafu isiyo yake.

Kwa hiyo usirudi moja kwa moja ofisi ya ujenzi. Anzia ofisi inayosajili hati za ardhi. Beba hati yako, omba historia ya umiliki wa kiwanja tangu kilipotolewa mara ya kwanza: nani alikuwa nacho, lini, na namba zake zote za zamani. Hati ikiwa bado ina jina la marehemu, beba na karatasi za mirathi, maana mahali pengi hawamwoneshi mtu michoro ya nyumba kabla hajathibitisha kwamba inamhusu, na wana haki ya kufanya hivyo. Andika majina hayo kwenye daftari kama yalivyoandikwa kwenye kumbukumbu, pamoja na makosa yake ya herufi. Kosa la karani wa zamani ndilo lililobandikwa kwenye jalada.

Kisha rudi kwa yule kijana, na swali lako libadilike. Usimuulize kama nyumba yako ipo. Muulize: majalada yaliyofunguliwa kabla ya kompyuta yanatunzwa wapi? Ofisi nyingi zimeingiza kwenye kompyuta miaka ya karibuni tu, na yaliyotangulia yako ghalani, kwenye maboksi, au yamepigwa picha kwenye mikrofilamu. Akisema hakuna, huenda kwa dhati ya moyo wake anasema hakuna kwenye kioo kilicho mbele yake. Omba pia kuona daftari la kusajili vibali la miaka unayoidhania. Lile huandikwa kwa mfuatano wa tarehe, mstari kwa mstari, na ukilikuta jina la mwenye nyumba wa kwanza, pembeni kuna namba ya kibali. Ukiwa na namba hiyo, mtunza majalada anajua boksi la kufungua.

Mwaka hamuujui? Tafuteni mwaka nyumba ilipoanza kutozwa kodi ya majengo, au ilipounganishwa maji. Picha za zamani zilizopigwa kutoka angani nazo husaidia: kwenye moja kiwanja ni kitupu, kwenye inayofuata kuna paa. Daftari la miaka mitano unaweza kulipekua kwa asubuhi moja, lakini la miaka hamsini litakukatisha tamaa. Jambo jingine, miji hukua. Huenda nyumba ilipojengwa eneo lenu lilikuwa chini ya halmashauri nyingine, na majalada yamebaki kule au yamehamishiwa hifadhi ya nyaraka ya taifa. Uliza hilo kabla hujakata tamaa.

Kile chumba cha nyuma kinanipa matumaini makubwa kuliko unavyodhani. Baba yako alipokiongeza, kama aliomba kibali, mchoraji alilazimika kuichora na nyumba iliyokuwapo ili aoneshe chumba kipya kinashikana nayo wapi. Mchoro wa nyongeza mara nyingi ni ramani ya nyumba nzima. Na kama kibali hakikuombwa, ni vizuri mjue sasa, maana mtakapoomba kibali cha kazi hii ya mama jambo hilo litajitokeza.

Anayejua hayo yote ni baba yako mdogo. Na hapa ndipo naomba unisikilize kuliko pote.

Usimwite kwako. Nenda kwake. Mwambie umekuja kumuuliza kuhusu kazi aliyofanya na marehemu. Muulize nani alichora kile chumba. Muulize walipopasua ukuta wa zamani ili kuunganisha mlango walikuta nini ndani: tofali tupu, zege, nondo? Msingi wa zamani ulikuwa na upana gani? Walipofungua dari, mbao za sakafu ya juu zilielekea upande upi? Mpe karatasi na penseli achore anavyokumbuka. Mtu huyu amewahi kuuona mfupa wa nyumba hiyo, na hakuna ofisi yenye jalada la macho yake. Halafu mwambie neno moja la kweli: juu ya ukuta ule wanalala wajukuu wa rafiki yake, na unataka mhandisi aweke sahihi ili siku yoyote lolote likitokea asije akalaumiwa yeye. Fundi wa umri wake ameona majengo yakipasuka. Atakuelewa. Nadhani kilichomuumiza ni kusikia habari ya ramani mbele ya mumeo, papo hapo baada ya yeye kutoa hukumu yake.

Wengine wa kuwatembelea ni watoto wa aliyemuuzia baba, na benki kama nyumba iliwahi kuwekwa rehani, kwa sababu ripoti za uthamini huwa na mchoro na vipimo. Kampuni ya bima nayo ni hivyo hivyo. Kama mtaani kwenu kuna nyumba zinazofanana na yenu, piga hodi. Nyumba za kundi moja mara nyingi zilijengwa kwa ramani moja, wakati mwingine imegeuzwa kama kwenye kioo, jiko la huku likawa upande wa kule. Mamlaka ya maji ulizeni mchoro wa mabomba ya maji machafu, maana bafu la mama linautegemea mteremko wa bomba hilo. Na fungueni albamu za picha. Nyuma ya watoto wa sikukuu ya zamani unaweza kuona mlango ambao leo ni ukuta.

Ukipata jina la msanifu aliyeichora nyumba, kwa kawaida kwenye kisanduku cha chini kulia cha mchoro, tafuta ofisi yake hata kama yeye ameshafariki. Ofisi hurithiwa, na makabati huhama na warithi. Huenda ukaruhusiwa kuona mchoro na usiruhusiwe kuunakili bila idhini, kwa kuwa haki ya mchoro hubaki kwa aliyeuchora. Usigombane nao. Omba idhini kwa maandishi.

Ramani ikishapatikana, isomeni taratibu. Kuta zenye mistari minene, au zilizojazwa wino, kwa kawaida ndizo nene. Mstari wa vipande vipande unaopita katikati ya chumba mara nyingi unaonyesha kitu kilicho juu, kama boriti au ukingo wa sakafu ya juu. Mkiuona umepita juu ya ukuta wenu, mpelekeeni mhandisi siku hiyo hiyo. Someni namba zilizoandikwa, msipime kwa rula, hasa kwenye nakala, maana mashine hupunguza au kukuza. Vipimo vikiwa vya futi na inchi, chumba cha futi 12 kwa 10 ni kama mita 3.66 kwa 3.05. Mfahamu pia kwamba michoro ya msanifu na ya mhandisi ni karatasi tofauti. Jalada likiwa na ya msanifu peke yake, nondo na boriti bado hamjaziona zote.

Na hata ikiwa kamili, msiiamini peke yake. Nilipokuwa kijana katika kazi hii nilisimamia ufunguzi wa mlango mpana kwenye nyumba iliyokuwa na ramani nzuri, ina mihuri yote. Ramani ilionesha boriti ya zege juu ya ukuta ule. Tulipotoa safu ya tatu ya tofali, dari ikashuka kiasi cha upana wa kidole. Boriti haikuwapo. Aliyejenga zamani zile alikuwa ameweka ubao tu na kupiga lipu juu yake. Tulikimbilia mirunda, tukaishikilia sakafu usiku kucha, na mwenye nyumba akalala nje na watoto wake. Tangu siku hiyo kila ramani ninayopewa naizungusha nyumba nzima nayo mkononi, chumba kwa chumba, kabla sijasema neno.

Zoezi hilo hilo la kuzunguka ndilo jibu la swali lako la pili. Ramani isipopatikana kabisa, hambomoi hivyo hivyo. Mnatengeneza ramani mpya ya nyumba kama ilivyo leo. Mpimaji au mchoraji ataifanya vizuri, lakini hata wewe na mumeo mnaweza kuanza kwa futi na daftari. Pimeni nje kwanza, kuta zote nne. Kisha kila chumba: urefu, upana, na mishazari yote miwili, kutoka kona hadi kona. Mishazari isipolingana, chumba hakijanyooka, na kwa nyumba za kale hilo ni la kawaida. Unene wa ukuta upimeni mlangoni. Halafu jumlisheni vyumba na kuta kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine, mlinganishe na kipimo cha nje. Tofauti ya inchi moja msiijali. Ikikosekana futi moja na nusu, kuna kitu kimezibwa humo: njia ya moshi, kabati, mlango wa zamani au bomba. Fanyeni hivyo chini na juu, kisha wekeni mchoro wa juu juu ya ule wa chini dirishani penye mwanga. Ukuta wa juu ukikaa sawasawa juu ya ukuta wa chini, mmepata dalili nzito.

Mhandisi atakayekuja mpeni mchoro huo, mchoro wa penseli wa baba mdogo, na chochote kilichotoka masijala. Atataka kutoboa tundu dogo kwenye dari karibu na ukuta aone boriti zinalala wapi. Mruhusuni. Akikuta zimelala juu ya ukuta, haina maana kwamba jiko lenu limekufa. Atawapa boriti ya kuubeba mzigo badala ya ukuta, aseme itue juu ya nini, na mirunda ikae wapi wakati wa kazi. Baba mdogo ndiye ataijenga, na ataijenga akijua anachokibeba.

Limebaki sanduku la mama. Naamini anakumbuka kweli. Karatasi ya buluu yenye mistari myeupe ni nakala iliyotengenezwa kwa njia aliyoivumbua John Herschel mwaka 1842, na kwa miongo mingi ndiyo iliyotumika kunakili michoro ya majengo. Basi huenda mnayo nyumbani wakati wewe unahangaika na ofisi. Ikionekana, msiifungue kwa pupa. Karatasi ya umri huo iliyokaa imeviringika huvunjika kama jani kavu. Ifungueni kidogo kidogo juu ya meza safi, mkizilaza kingo kwa vitu vizito laini. Msiipige gundi ya plastiki kwenye michaniko, msiipeleke kuwekewa nailoni. Ilazeni bapa na kuipiga picha kwa vipande vinavyopishana, kisha na picha moja nzima, kwenye mwanga wa mchana usio wa jua kali, maana buluu hiyo hufifia kwenye mwanga. Ikiwa imeshafifia, iwekeni gizani kwa muda, mara nyingi rangi hurudi kiasi. Na ikae mbali kabisa na vumbi la saruji na chokaa, kwa kuwa vitu hivyo huila buluu yake. Siku kazi itakapoanza, fundi awe na nakala mkononi, na karatasi yenyewe iwe imesharudi sandukuni kwa mama.